Kamera Namba Tisa

Kitu cha kwanza nilichokiona Padova kilikuwa kistari.

Kilichorwa chini ya namba, kwenye kibao kidogo cha mti kilichofungwa kwenye ufunguo. Sista mzee wa nyumba ya wageni alikuwa ameushika ufunguo huo juu, mbele yetu sote wanane, na kile kistari nilikiona mimi peke yangu. Ningesema pale pale, haya yote hayangetokea.

Lakini mimi sisemi. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua. Mliniacha ndani ya ndege nimekalia kofia ya mzungu mmoja. Niliisikia ikivunjika chini yangu hata hatujapaa, nikaona haya kumwambia, nikaikalia mpaka Roma. Nilipoinuka ilikuwa chapati. Yule mzungu aliitazama kofia, akanitazama mimi, akaivaa hivyo hivyo. Hilo tuliache.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: mimi ni Sella. Napanga chumba kwa Mama Kimotho, Kawangware, na nauza nguo za watoto, mitumba, kando ya reli, Laini Saba, Kibera. Niko katika kwaya ya kanisa letu. Mwaka wa 1995 kanisa moja la Padova, kule Italia, lilitualika tukawaimbie, maana walikuwa wanasherehekea miaka mia nane tangu kuzaliwa kwa Mtakatifu Antoni wao.

Na nina siri. Mimi siimbi.

Miaka mitatu nimesimama kwenye sauti ya kwanza, bega kwa bega na rafiki yangu Mercyline. Yeye akifungua mdomo, nami nafungua. Akifunga, nafunga. Sauti inayotoka ni yake tupu, lakini Mercyline ana sauti ya watu wawili, kwa hiyo hesabu haijawahi kukataa. Yeye peke yake ndiye anayejua, na hajawahi kunisema.

Wengine wakijua, nitatolewa. Na kwaya ndiyo mahali pekee Nairobi ninapoitwa kwa jina langu. Sokoni mimi ni "we msichana". Kwenye ploti mimi ni "yule wa chumba cha mwisho". Kwaya wananiita Sella.

Sasa turudi kwenye ufunguo.

"Camera," sista mzee alisema, akiutikisa. Alilitamka vile vile sisi tunavyolitamka. "Camera!" Akaonyesha ngazi.

Mama Kimotho aligeuka akatukodolea macho. Yeye ndiye mwenyekiti wetu. Ana ploti mbili Kawangware, na asubuhi za Jumanne na Jumamosi hufungua belo, yale marobota ya mitumba, na kuwauzia wachuuzi. Jina lake la ubatizo ni Maggie, ila sijawahi kusikia mtu mzima akilitumia.

"Mmesikia huyu mama amesema nini?"

"Kamera," Austin akajibu. Austin ni seremala wa Laini Saba na ndiye kiongozi wetu wa kuimba.

"Kamera! Ngai! Kumbe hata huku wanajua kamera!"

Kama hujawahi kuamkia mitumba, nikueleze. Belo ikikatwa kamba, zile nguo za kwanza, zisizo na doa, zenye vifungo vyote, ndizo kamera. Zinachukuliwa na wenye mikono mirefu na sauti kubwa. Za mwisho kabisa, zile mwenye belo anazisukuma kwa mguu, ndizo fagia. Mimi tangu nianze biashara nauza fagia.

Na ile barua ya mwaliko, iliyosomwa mbele ya kanisa zima, ilisema wazi kwamba kwa sababu ya baridi wenyeji wangetuandalia nguo nzito. Kwa hiyo msituhukumu haraka. Tulikuwa watu walioahidiwa nguo, wakaambiwa kamera, wakaonyeshwa ngazi.

Mama Kimotho aliupokea ufunguo. Kibao kikazunguka mkononi mwake.

"Tisa," alisoma.

Haikuwa tisa. Ilikuwa sita. Kistari kiliwekwa chini ya sita ili mtu asiisome kichwa chini, na hata belo zetu huandikwa hivyo hivyo kwa rangi nyeusi. Sasa kile kistari kilikuwa juu ya namba, kimeikalia kichwani.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nimezoea.

Mlango wa namba tisa haukuwa hata umefungwa.

"Mnaona?" Mama Kimotho alisema, akiutia ufunguo mfukoni. "Wametuachia wazi. Hawa ni watu wa Mungu."

Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa. Chini yake niliona slipa. Juu ya kimeza niliona miwani, rozari, na gilasi ya maji iliyonywewa nusu. Wenzangu waliona kabati.

Mama Kimotho alilifungua milango yote miwili, akashika kiuno. Mama Kimotho akishika kiuno jua ameona kitu.

Lilikuwa koti jeusi, refu, lenye manyoya shingoni.

"Hii," alisema polepole, "ni ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti, na sisi tunaskia baridi," Mercyline akasema.

"Ngoja zamu yako. Kwani uko Gikomba?"

Lakini Gikomba, soko letu kuu la mitumba, ilikuwa imekuja yenyewe. Mama Kimotho alikaa kitandani, akajaza nguo mapajani, akaanza kuita kama kila Jumamosi:

"Kamera! Mercyline, shika koti, nyekundu inakupendeza. Kamera! Austin, hii skafu funga shingoni, wewe ndiye unatupatia sauti. Kamera ingine! Nani anaumwa na kifua? Chukua sweta. Wacha kuvuta, itapasuka! Kamera!"

Nikafikiwa wa mwisho. Kabati lilikuwa limebaki na hanga tu. Mama Kimotho akavuta droo.

"Sella, fagia ni yako. Na usinune."

Zilikuwa soksi za sufu, za kijani, za kufika magotini. Moja ilikuwa imeshonwa kidoleni kwa uzi wa manjano. Nilizivaa. Nisidanganye, zilikuwa na joto.

Tukishuka ngazi nilimvuta Mercyline mkono wa koti lake jekundu.

"Mercy. Kulikuwa na slipa."

"Slipa gani?"

"Chini ya kitanda."

"Na ukaziacha? Aki Sella, wewe maisha itakulemea."

*

Mkalimani wetu alitungoja mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Antoni. Alikuwa Sista Syokau, Mkamba wa Machakos, aliyekwenda kule kusomea uuguzi akabaki, mwaka wa tisa sasa. Alitutazama kutoka shingoni hadi viatuni.

"Woi! Nyinyi mmevaa kuwashinda wenyewe!"

"Ni wenyewe wametupa," Mama Kimotho alisema, akizungusha manyoya. "Tumefika tu, tukapewa kamera."

Sista Syokau aliingia utawani akiwa msichana, hajui belo inafunguliwa vipi.

"Kamera? Basi vizuri, mtapiga picha nyingi."

Sote tulicheka kwa adabu. Kila upande ulidhani wa pili umefanya mzaha.

Ndani ya lile kanisa kuna mengi, lakini nitawaambia moja tu. Kuna ulimi. Ni ulimi wa Antoni mwenyewe, uko ndani ya kioo kilichozungushiwa dhahabu. Sista Syokau alitueleza kwamba Antoni alikuwa mhubiri, na walipolifungua kaburi lake baada ya miaka thelathini na kitu walikuta ulimi haujaoza.

"Ulimi wa mtu?" Mercyline alinong'ona. "Hivi hivi tu, bila mwenyewe?"

"Ni kwa vile aliutumia vizuri."

Mama Kimotho akanigeukia. "Wa Sella watakuta mpya kabisa. Uko bado kwenye karatasi."

Kicheko kilipanda mpaka kwenye dari na kuturudia. Hata mimi nilicheka, bila sauti.

Walipotoka nilibaki nyuma kidogo. Watu wengine humwomba Antoni awatafutie vitu vilivyopotea. Mimi sikumwomba anipe ulimi mpya wala anilegeze wangu. Nilimwomba tu Mercyline asiugue mpaka Jumapili yetu ya kuimba ipite.

*

Mchana tulilishwa kwenye ukumbi wa kanisa la wenyeji wetu. Kina mama wawili walileta ubao mpana, na juu ya ubao kulikuwa na kitu cha manjano kinachofuka moshi.

Mercyline alisimama. "Obusuma!" Ndivyo kwao wanavyouita ugali.

"Keti chini," Mama Kimotho alimwambia. "Huo ni unga wa njano. Huo tulikula wakati wa njaa ya themanini na nne. Kwani hawa wana njaa?"

"Wanaita polenta," Sista Syokau alisema. "Ni ugali, lakini msiseme ugali, wataona mnaidharau."

Kisha mama mmoja akatoa uzi mfukoni, akaunyoosha kwa mikono miwili, akaukata ule ugali kwa uzi. Watu wanane kutoka Nairobi waliacha kupumua.

"Kwani visu vimeenda wapi?" Austin aliuliza.

Tulikula na uyoga na samaki mkavu. Tulikula kwa mkono, tukifinyanga na kuchovya, na nilimwona mzee mmoja wa Kitaliano akitutazama, akitazama uma wake, halafu akauweka chini taratibu. Alijichoma kidole. Aliendelea.

Mama Kimotho alitafuta mboga ya sukuma chini ya kila sahani, akakosa. Hilo halikumharibia siku. Kilichomharibia siku ni mwavuli.

*

Kila Jumamosi, kwenye uwanja mkubwa wa Padova wenye masanamu na maji katikati, kuna soko. Mama Kimotho alipoliona alivuta pumzi ya mtu aliyefika kwao.

Aliushika mwavuli wa buluu. Aliufungua, akaufunga, akaununia.

"Muulize huyu, ngapi."

"Elfu ishirini," Sista Syokau alisema.

"Ishirini nini? Kwani unazuia risasi?"

"Ni lira, mama. Si shilingi."

"Mwambie tano."

"Mama, huku bei huwa..."

"Sista, mimi nimeuza nguo kabla hujavaa hicho kitambaa. Mwambie tano."

Mwenye mwavuli alisikia, akacheka, akatikisa kichwa. Mama Kimotho akauweka mwavuli chini, akatoa ule mguno wetu tunaoujua wote, akaanza kuondoka.

Kwetu ukiondoka hivyo unaitwa kabla ya hatua ya tano. "Mama, rudi basi! Mama, ongeza kidogo!" Ndivyo biashara inavyokwenda, na muuzaji na mnunuzi wote wanajua.

Mama Kimotho alikwenda hatua tano. Akaenda kumi. Alipita kwenye jibini, akapita kwenye viatu, akiwa ameshika shingo wima na sikio limeelekea nyuma. Hakuitwa. Alitembea mpaka meza ya samaki, na hapo soko likaisha. Akasimama akijifanya anatazama pweza.

Sisi tulikuwa nyuma yake, tunaogopa kumpita.

"Sinyora!" sauti ikaita. "Sinyora! Sinyora!"

Uso wa Mama Kimotho ulichanua.

"Mnaona?" alituambia bila kugeuka. "Hakuna mfanyabiashara anayeacha mtu aende. Binadamu ni mmoja. Mwacheni akimbie kidogo."

Sauti ilikuja mbio. Mama Kimotho akageuka, tabasamu likiwa tayari, na tano yake ikiwa mdomoni.

Hakuwa mwenye mwavuli. Alikuwa mama wa Kitaliano wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye nywele za kijivu, amevaa sweta jepesi na anatetemeka kwa baridi. Alimnyooshea Mama Kimotho kidole kifuani, akasema maneno mengi.

"Anataka nini?"

Sista Syokau alikuwa amebadilika rangi. "Anasema hilo koti ni lake."

"Mwambie nimepewa."

"Anauliza na nani."

"Mwambie nimepewa kamera! Namba tisa!"

Sista Syokau alitafsiri. Yule mama akajishika kifua. "Camera nove?" alisema. "È la mia camera!"

"Si unamskia!" Mama Kimotho akashangilia. "Hata yeye amesema ni kamera!"

"Mama," Sista Syokau alisema, na nikaona anajaribu kutocheka wala kulia. "Kamera kwa Kitaliano ni chumba."

"Chumba?"

"Chumba cha kulala. Mlipewa ufunguo wa chumba. Na huyu ni Sinyora Ornella, mwalimu wa kwaya ya wenyeji wenu. Anapanga pale kwa masista, namba tisa ndimo analala."

Soko lote la Padova liliendelea kupiga kelele. Mercyline akaanza kufungua vifungo vya koti jekundu. Austin aliivua skafu, akaikunja mara nne, akaishika kwa mikono miwili mbele yake kama sadaka.

"Lakini kibao kilisema tisa," Mama Kimotho alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Akautoa ufunguo mfukoni. Sinyora Ornella aliuchukua, akakigeuza kibao, akaweka kidole juu ya kistari. Juu ya kile kistari changu.

"Sei," alisema. Sita.

Ndani ya chumba namba sita, tulikuja kuambiwa, kulikuwa na makoti manane yaliyokunjwa juu ya vitanda, kila moja na jina la mtu kwenye karatasi. Hata langu. Sella, limeandikwa vizuri kabisa.

Sinyora alitukagua mmoja mmoja, akitambua sweta, akitambua kitambaa. Hakucheka. Alinifikia mimi, akatafuta, hakuona kitu. Halafu macho yakashuka. Akauona ule uzi wa manjano.

"Anche le calze!" alipiga kelele.

"Anasema hata soksi," Sista Syokau alisema.

Hapo ndipo yule mama alipopasuka. Alicheka akishikilia meza ya samaki, akajifuta macho, akatufanyia ishara tusivue chochote, tutaugua, tutamrudishia jioni. Mimi akaninyooshea kidole miguuni, akasema kitu.

"Zako kabisa," Sista Syokau alinitafsiria. "Amekupa."

Ingeishia hapo, tungekuwa tumepona. Lakini Mama Kimotho hawezi kubaki na aibu mkononi bila kuipa mtu mwingine aibebe.

"Mwambie," alisema, akiwa ameinua kidevu juu ya manyoya ya watu, "sisi si watu wa kuchukua bure. Kesho kanisani nitampa kitu ambacho hajawahi kusikia. Nina wasichana wawili, wa sauti ya kwanza. Hawa hapa. Wataimba peke yao, bila kwaya, kwa heshima yake."

Akanishika bega la kushoto, Mercyline la kulia.

Mercyline alinitazama. Nikamtazama. "Usijali," macho yake yalisema. "Mimi niko."

Sinyora Ornella alifurahi mpaka akapiga makofi. Angewaleta wanakwaya wake wote, sitini. Na kwa kufunga mapatano akatupeleka sote kwenye duka la pembeni, akasema kila mtu ale aiskrimu anayotaka.

"Mercyline," Austin alisema alipomwona kwenye ya nne. "Koo."

"Austin, haya ni maziwa. Maziwa yanalainisha."

"Ni baridi!"

"Mimi nimetoka Kibera mpaka Ulaya. Nionje ya njugu, halafu niache."

Alionja ya njugu. Akaonja ya ndimu, akaonja ya kijani ambayo hata Sista Syokau hakujua jina lake kwa Kiswahili. Zilikuwa saba. Nilizihesabu zote, moja baada ya nyingine. Ningemwambia aache angeniskia, maana mimi nikisema neno watu hushtuka.

Sikusema.

*

Jumapili asubuhi, tukiwa nyuma ya kanisa tunajipanga, Mercyline alifungua mdomo kujaribu sauti. Kilichotoka ni mlango wa mabati ukifunguliwa na upepo.

Alijaribu tena. Hata ule mlango haukufunguka.

"Usinong'one!" Sista Syokau akamziba mdomo kwa kiganja. "Mimi ni muuguzi. Ukinong'ona utaipoteza mwezi mzima. Hakuna hata neno moja!"

Austin alishika kichwa. Kisha akanigeukia, na uso wake ukatulia. "Sawa. Si kuna Sella."

Mercyline aliruka. Akaninyooshea kidole. Akafungua mdomo na kuufunga, akafungua na kuufunga, kama samaki. Halafu akatikisa mikono yote miwili kwa nguvu: hapana, hapana, hapana!

Austin alimtazama kwa makini sana.

"Anasema Sella... ataimba... bila wasiwasi wowote."

Mercyline akajipiga paji la uso.

"Anasema uinue kichwa," Austin aliniambia.

"Austin," nilisema.

"Eeh, sema."

"Mimi..."

Kengele ikalia. Mama Kimotho alifika akiwa amevaa koti lake mwenyewe, la jina lake, na macho ya asubuhi za belo.

"Sella, niskie. Yule mama nilivaa koti lake sokoni mbele ya watu. Leo ukiniaibisha tena mbele yake, hiyo kwaya utaisikilizia dirishani. Umeelewa?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Hiyo nayo haihitaji sauti.

Walinisimamisha mbele peke yangu, na kipaza sauti mbele ya pua. Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Wanakwaya sitini walikaa upande mmoja. Kwenye benchi la kwanza, Sinyora Ornella, na koti jeusi lenye manyoya. Mimi nilivaa soksi zake.

Austin akanipa sauti ya kuanzia. "Mmmmm."

Nilifungua mdomo. Niliufungua vizuri, maana kufungua najua. Nikaufunga kwenye neno la kwanza, nikaupanua kwenye la pili, nikavuta pumzi mahali pa pumzi. Ubeti mzima niliumaliza hivyo.

Wataliano walingoja. Walidhani ni wimbo wa polepole. Mzee wa polenta aliinamisha kichwa akaanza kusali.

Sinyora Ornella naye, kama walimu wote wa kwaya, alianza kufungua mdomo pamoja nami ili kunisaidia. Tukawa wawili tunafunguliana midomo, na kanisa zima halisikii kitu.

"Sella!" Mama Kimotho alifoka chini kwa chini.

Kisha Sinyora akaacha. Akanitazama mdomoni, akaweka mkono kooni mwake polepole. Mwalimu wa kwaya huyo, amesimama mbele ya midomo miaka arobaini. Aliona. Alikiona kitu changu kidogo vile vile mimi nilivyokiona kistari, na tofauti ni kwamba yeye hakugeuza macho.

Nyuma yangu benchi lililia. Mama Kimotho alikuwa amesimama, anakuja. Sista Syokau alisogea kwenye kipaza sauti cha pili, akangoja niseme atafsiri.

Na hapo nikasema, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, jambo ambalo hata Mercyline sijawahi kumwambia chanzo chake:

"Mimi siimbi. Nilikuwa darasa la sita. Siku ya mashindano ya nyimbo mwalimu alinishika bega, akasema, wewe Sella fungua mdomo tu, usitoe sauti, utatuharibia. Nikafungua. Tukashinda. Muhula uliofuata niliacha shule, na hakuna mtu aliyekuja kuniambia sasa basi, toa. Kwa hiyo msiniulize kama nina sauti mbaya. Hata mimi sijui. Sijawahi kuisikia."

Niacheni hapo, mbele ya kipaza sauti, mpaka wiki ijayo.